Utathibitishaje kuwa utarudi?

Ndugu msomaji, kuna swali ambalo ukilitazama juu juu utadhani ni la karani wa ubalozi tu, lakini ukilichimba utakuta ni swali lililowahangaisha wanazuoni wa sheria na watu wa maadili kwa karne nyingi. Swali lenyewe ni hili: je, mtu anaweza kutoa ushahidi wa nia yake? Na kama hawezi, ilhali mwenye mamlaka anaudai ushahidi huo, je, anayedaiwa anayo ruhusa ya kuutengeneza?

Nimelazimika kulitafakari kwa sababu mimi na mke wangu, katika umri wetu huu wa kuitwa babu na bibi, tunapanga kusafiri kwenda Ulaya kwa mara ya kwanza. Hatuendi kutibiwa. Hatuna mtoto huko. Hatukualikwa kwenye semina wala mkutano. Tunakwenda kutembea tu, siku 10, Antwerp na Amsterdam, kisha turudi Maganzo kwenye duka letu. Naomba msomaji aisome tena sentensi hiyo, kwa sababu nimegundua kuwa hakuna anayeiamini, si kule wala huku kwetu.

Kwa nini Antwerp? Wasiolifahamu eneo letu niwaeleze kuwa Maganzo ni mji mdogo uliopo kwenye barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, pale unapochepukia kuingia Mwadui. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na Dk. John Williamson, Mkanada, mtaalamu wa miamba. Tangu hapo watu wa huku tumezaliwa, tumesoma, tumeoa na tumezika wazazi wetu tukiwa jirani na shimo lile, huku tukisikia kuwa kinachotoka humo kinakwenda kuuzwa mbali, na jina la Antwerp likitajwa kila mara. Mji huo wa Ubelgiji ni soko la almasi kwa karne kadhaa sasa, na mitaa ya wafanyabiashara wake ipo jirani kabisa na stesheni kuu ya treni. Mke wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amefundisha watoto miaka mingi kuwa almasi inapatikana Mwadui, Shinyanga. Alipostaafu akaniambia, "Baba Zuhura, mimi nimefundisha inapotoka, sijawahi kuona inapofika." Basi. Hiyo ndiyo sababu yote ya safari, na kwangu mimi inatosha.

Majirani hawakuiona inatosha. Wa kwanza aliuliza ugonjwa gani. Wa pili akasema bila shaka tumepata mfadhili. Wa tatu, mtu mzima tunayeswali naye msikiti mmoja, aliuliza kama Makka tumeshafika. Hilo lilikuwa swali la haki, maana faridha haitanguliwi na matembezi, na jibu lake lilikuwa jepesi: tumeshafika, Alhamdulillah, sote wawili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa Ulaya mnafuata nini?" Kana kwamba macho ya mja yameumbiwa safari moja tu. Akasahau kuwa tumeamrishwa kutembea katika ardhi tukatazame. Akasahau na kuwa Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 alikuwa amekwishahiji kabla ya hapo, na hakuona kuwa hilo linamfungia njia.

Wapo waliogusa penye uzito zaidi. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la majitope la mgodi wa Mwadui lilipasuka, tope likafunika nyumba na mashamba ya watu jirani zetu. Kijana mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa: mzee, katika mahali ambapo watu wamefukiwa nyumba, mtu anatoa wapi ujasiri wa kutumia mamilioni kwenda kutazama majengo? Sina jibu la kumnyamazisha, na simtafutii. Nilimwambia kuwa haki ya masikini katika mali ya mtu ina kipimo chake na ni lazima itoke, na zaidi ya hapo ipo sadaka, ambayo kila mtu anaijua baina yake na Mola wake. Lakini pia nilimuuliza mbona swali hilo haulizwi anayechangisha milioni 20 za sherehe ya kumuaga binti, chakula kikaliwa usiku mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kamati ya sherehe ya namna hiyo mwezi uliotangulia. Akacheka. Sidhani kama nilimshinda, ila naona hapa kuna kitu cha kuangalia: sisi wenyewe tumekubali kuwa masikini anaruhusiwa kufanya karamu lakini haruhusiwi kuwa na udadisi. Utalii ni wa wazungu, wao ndio waje kutazama simba wetu na watoto wetu. Ukisema nawe unataka kwenda kutazama, unaonekana una lako jambo.

Na hivyo ndivyo anavyofikiri karani wa ubalozi. Msimamo wake na wa jirani yangu ni mmoja, tofauti ni kuwa karani anao muhuri.

Sasa tuje kwenye karatasi zenyewe. Nchi za Ulaya zilizoondoa mipaka baina yao zinaitwa nchi za Schengen, kwa jina la kijiji cha Luxembourg ulikotiwa saini mkataba wao mwaka 1985. Hivi sasa ni nchi 29, na Uingereza haimo. Mtanzania anayetaka kuingia kwa matembezi anatakiwa aombe viza ya muda mfupi, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180, na aiombe kwa nchi atakayokaa muda mrefu zaidi. Ada ilikuwa yuro 80, na tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, yaani zaidi ya shilingi laki 2 kwa kila mmoja wetu, na ukikataliwa hairudi. Unatakiwa bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Unatoa alama za vidole. Unaonyesha tiketi uliyoshikiwa nafasi, mahali pa kulala, na taarifa za benki. Pasipoti ya kielektroniki, ambayo kwetu ilianza kutolewa mwaka 2018 kwa shilingi 150,000, tulikuwa tumeshazipata. Yote haya, msomaji, mimi sina ugomvi nayo. Kila mwenye nyumba ana haki ya kujua nani anabisha hodi na atalala wapi.

Mushkeli upo kwenye jambo moja, nalo ni kuthibitisha kuwa utarudi. Katika sababu zinazoandikwa kwenye barua za kukataliwa, ipo isemayo kwamba kuna shaka ya msingi juu ya nia ya mwombaji kuondoka kabla ya viza yake kwisha. Angalia vizuri. Haisemwi kuwa amefanya kosa. Inasemwa kuwa nia yake haikuaminika. Na anayetoa hukumu hiyo aghalabu hajawahi kumuona mtu mwenyewe, ameona bahasha yake tu. Ndugu zetu wa Komoro wanalijua hili vizuri: mwaka 2023 zaidi ya nusu ya maombi yao yalikataliwa.

Nia, kwa mafundisho tuliyolelewa nayo, makazi yake ni moyoni. Ndiyo inayolipa amali thamani yake, na bado kadhi hahukumu kwa nia. Kadhi anahukumu kwa kilicho dhahiri na ya ndani anamwachia Mjuzi wa siri. Wanazuoni waliona mapema kuwa ukimpa mwanadamu ruhusa ya kuhukumu nyoyo, hatahukumu nyoyo, atahukumu nyuso, nguo na makabila, halafu aseme ameona nia. Sasa karani wa viza amepewa kazi ambayo kadhi aliikimbia.

Nitakuwa sijamtendea haki karani huyo nisipokiri kuwa kila mtu hufanya kazi kama yake. Mwenye duka yeyote wa Maganzo anapoombwa kilo 5 za unga kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi, anasoma nia ya mkopaji. Anaangalia alivyolipa mwezi uliopita, anaangalia ukoo wake, kazi yake, hata anavyotembea kuingia dukani. Lakini kuna tofauti mbili. Kwanza, mwenye duka anamfahamu mtu mwenyewe, na akimkatalia leo, kesho wanakutana kisimani au msibani, na aliyekataliwa anaweza kumwambia usoni kuwa umenionea. Pili, hakuna mwenye duka anayemtoza mtu ada ya kukataliwa.

Au chukua mfano wa lango la mgodi wa almasi. Almasi inaingia kwenye mfuko wa shati, kwenye kisigino cha kiatu, hata mdomoni, kwa hiyo popote duniani penye machimbo hayo mtu anayetoka hupekuliwa. Kama wote wanapekuliwa, meneja na mfagiaji, hakuna aliyetukanwa, kinachohofiwa ni jiwe na jiwe halina rangi ya mtu. Lakini likiwepo lango la kupekuliwa na lango la kupita, na ukapangiwa lango kwa kuangaliwa pasipoti yako tu, hapo hali inabadilika. Mmarekani anayetaka kutembea Antwerp siku 10 hahitaji viza wala taarifa ya benki ubalozini. Wapo Wamarekani wasio na kazi, wenye madeni, wasio na mke wala mtoto wa kuwarudisha kwao. Hawaulizwi watathibitishaje kuwa watarudi.

Jiwe pia halikuulizwa. Mwaka 1947 lilipatikana Mwadui jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, Williamson akampa Malkia Elizabeth, wakati huo akiwa bado binti mfalme, iwe zawadi ya harusi yake. Likachongwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa na Cartier katikati ya bizimu yenye umbo la ua. Mke wangu hupenda kusema kuwa yule ndiye Msukuma wa kwanza kukaa Ulaya moja kwa moja bila kuulizwa tiketi ya kurudi. Ni utani, lakini utani wa walimu huwa na somo ndani. Kwa uadilifu niongeze kuwa tangu mwaka 2003, kwa utaratibu wa Kimberley, almasi ghafi nazo husafiri na cheti, kwenye kifurushi kilichofungwa kisifunguliwe njiani. Cheti hicho kinauliza zimetoka wapi, hakiulizi zitarudi lini. Na karatasi za mawe nazo zina ugomvi wake: mwaka 2017 shehena ya karati 71,000 na ushei za Mwadui ilizuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ikiwa njiani kwenda huko huko Antwerp, serikali ikidai thamani iliyoandikwa ni pungufu na kampuni ikikana.

Turudi kwenye hali yetu. Mali yetu, kama ilivyo mali ya watu wengi wa Usukumani, haikai benki. Ipo kwenye bidhaa za duka, kwenye nyumba, kwenye shamba la mpunga na kwenye ng'ombe wanaochungwa na shemeji yangu. Kilichokuwa benki ni masalia ya kiinua mgongo cha mke wangu na hela za duka zinazoingia na kutoka. Mtu akisoma taarifa ile ya benki atadhani anasoma habari za watu wanaoponea chupuchupu, nayo ni taarifa ya kweli isiyo na kosa hata la senti. Hapo ndipo alipoingia kijana mmoja wa Mwanza anayejishughulisha na kuwatengenezea watu safari. Alikuwa na lugha nzuri na heshima. "Mzee wangu," akaniambia, "tatizo lako ni dogo sana." Angetuwekea milioni 15 kwenye akaunti kwa miezi 3, kisha azitoe, na sisi tumlipe asilimia fulani. Angetupatia pia barua kuwa mke wangu bado ameajiriwa kwenye shule moja ya binafsi na anasubiriwa kazini. Akasema kila mtu anafanya hivyo, na kwamba wasiofanya hivyo ndio wanaokataliwa.

Nilimwambia nitafikiri, na kweli nilifikiri, kwa sababu hoja zake si za kutupwa.

Hoja ya kwanza ni kuwa mwenye kukudhulumu hana haki ya kudai ukweli kwako. Utaratibu wao, kwa hoja hii, umeshakuhesabu mwongo kabla hujafungua mdomo, sasa unaogopa nini? Hii ni hoja yenye nguvu, na katika mambo mengine naikubali. Jambazi akiuliza fedha zipo wapi, hakuna anayewajibika kumuonyesha. Lakini karani si jambazi aliyenivamia, ni mimi ninayekwenda kwake kuomba niingie kwake. Na kuna jambo zito zaidi. Lalamiko langu lote ni kuwa nahukumiwa kwa uongo wa watu wengine, waliotangulia kupeleka karatasi za bandia, hadi karatasi ya kweli kutoka Shinyanga ikawa inatazamwa kwa jicho la pembeni. Nikipeleka ya bandia na mimi, nitakuwa nimeshusha thamani ya karatasi ya kweli ya mwombaji atakayefuata, ambaye pengine ni mwanafunzi wa mke wangu aliyepata nafasi ya kusoma. Siwezi kulia na mzigo huo kisha nimbebeshe mwingine.

Hoja ya pili ni kuwa hizi ni taratibu tu, wao wanajua na sisi tunajua, hakuna anayedanganywa. Hii siikubali hata kidogo. Mwishoni mwa fomu kuna mahali unapotia saini kuwa uliyoyaeleza ni kweli na kamili. Saini yangu kwenye daftari la mkopo na saini yangu kwenye fomu ile ni saini moja. Sina mkono wa taratibu na mkono wa kweli.

Hoja ya tatu ndiyo ilinikosesha usingizi. Mdogo wangu, mfanyabiashara wa Geita, aliposikia habari hizi alisema, "Kaka, achana na huyo kijana. Mimi nitakuwekea milioni 10, na mkipata tatizo huko zitumieni, tutajuana baadaye." Je, fedha hizo ni zangu au si zangu? Kwa mila zetu, na kwa udugu tuliolelewa nao, swali hilo karibu halina maana. Nikiugua Amsterdam, fedha za mdogo wangu zitanitibu kabla hata sijaomba, na anayesema kuwa mimi sina akiba kwa sababu benki haina jina langu hajui akiba ni nini. Kwa upande huo, kuziweka kwenye akaunti yangu kungekuwa kueleza jambo la kweli kwa lugha ambayo karani anaielewa. Lakini kwa upande wa pili, karani akiziona kwenye akaunti yangu ataelewa kuwa nimezichuma mimi na ndizo zinazonivuta kurudi, na hilo si kweli. Maneno ya kweli yanayopangwa ili msikilizaji aelewe jambo la uongo, sisi Waswahili tunayajua vizuri, na tunayo mahodari wake.

Nilipoichunguza fomu nikakuta kuna sehemu inayouliza nani anagharamia safari, mwenyewe au mdhamini. Ukweli, kumbe, ulikuwa umewekewa nafasi yake tayari. Nikamwambia mdogo wangu aandike barua kuwa yeye ni ndugu na yuko tayari kutudhamini tukipatwa na dharura, fedha zake zibaki kwenye akaunti yake kwa jina lake. Kijana wa Mwanza alipoiona akatikisa kichwa, akasema barua ya ndugu haina nguvu. Huenda ni kweli. Lakini nguvu ya karatasi ni jambo moja na ukweli wake ni jambo jingine, na mimi nililoweza kulichagua ni hilo la pili.

Kisha tukauza ng'ombe 6 mnadani, fedha tukaziweka benki, na stakabadhi za mnada tukaziambatanisha ili karani asidhani zimedondoka kutoka mbinguni. Hapa pia shemeji yangu alikuwa na la kusema. Kwa mtazamo wake, ng'ombe zizini ndio ushahidi kuwa mtu atarudi, sasa unawauza ili uthibitishe kuwa utarudi? Nilicheka, ila kuna jambo hapo. Watu wa ubalozi wanaamini kuwa mali ndiyo inayomfunga mtu na kwao. Laiti wangewauliza watu wa Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero, wangeambiwa habari za Wasukuma waliohama na ng'ombe wao wote, mamia ya kilomita, wala hawakurudi. Mali haijawahi kumzuia mtu. Mwenye mali ndiye mwepesi wa kuhama.

Kinachomrudisha mke wangu ni mama yake. Bi mkubwa yule haoni tena, na chai ya asubuhi haikubali kwa mkono wa mtu mwingine ila wa binti yake huyu. Hizo siku 10 zenyewe zimejadiliwa naye kuliko zilivyojadiliwa na mimi, na siku ya 11 hana ruhusa nayo. Je, hilo linaandikwa wapi kwenye fomu? Hakuna cheti cha mama asiyekunywa chai. Mke wangu aliandika barua ya ukurasa mmoja akalieleza kama lilivyo, mwalimu mwenzake akamsaidia kuitia kwenye Kiingereza. Yule kijana akasema barua hiyo itawachekesha. Basi wacheke.

Kijana huyo alitupa wosia mmoja wa mwisho, bure, na ndio uliotuhangaisha kuliko yote. Alisema siku ya kupeleka maombi tukiulizwa kama tutarudi, tusiseme inshallah. Eti wazungu wakisikia inshallah wanaelewa kuwa mtu hana uhakika.

Kwa kweli hapo sisi Waswahili tumejiharibia wenyewe. Neno hilo tumelitumia kumkatalia mtu bila kumkatalia. Fundi anasema kitanda kitakuwa tayari Jumamosi inshallah, na wewe unajua Jumamosi hakuna kitanda. Lakini maana yake haikuharibika kwa kuwa mafundi wameitumia vibaya. Anayelisema kwa maana yake anakiri kuwa kesho haimo mikononi mwake, na hilo ni kweli kwa Mmaganzo na kwa Mbelgiji. Sasa je, mtu akisema "ndiyo, nitarudi" bila kuliongeza, amesema uongo?

Tulilijadili jambo hili mimi na mke wangu usiku mmoja hadi taa ikaishiwa chaji. Yeye alikuwa na msimamo kuwa kulificha neno lile kwa kumwogopa karani ni aina ya unafiki. Mimi nikamwambia tutenganishe mambo mawili. Kuna kutabiri na kuna kueleza kusudio. Nikisema "Septemba 30 nitakuwa Maganzo", nimetabiri, na utabiri bila kumtaja Mwenye kukadiria ni kujipa nisichokuwa nacho. Lakini nikisema "nimekusudia kurudi", nimeeleza kilichopo moyoni mwangu hivi sasa, na katika hilo sina shaka yoyote wala sihitaji kuweka akiba ya maneno. Kesho siijui, lakini nia yangu ya leo naijua mimi kuliko karani. Akaniuliza, "Na moyo ukigeuka ukishafika huko?" Nikamwambia moyo wa mtu unaweza kugeuka hata akiwa amekaa Maganzo, na hakuna serikali inayoweza kumdai mtu dhamana ya moyo wake wa mwezi ujao, inachoweza kumdai ni ahadi, na ahadi nitaitoa.

Hakukubali yote. Amesema yeye akiulizwa atajibu kuwa amekusudia kurudi, na akimaliza ataongeza inshallah, kwa sauti. Nimemwambia sawa, pengine tutapewa karani anayelijua neno hilo kwa maana yake.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita Waswahili walikwishakanyaga Ulaya. Sayyid Barghash alifika London mwaka 1875, lakini alikuwa sultani na alialikwa na serikali. Salim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896, na habari zake zikachapwa na Velten mwaka 1901 katika kitabu cha safari za Waswahili, lakini alikwenda kwa kufuatana na Mjerumani, Bumiller, akiwa katika utumishi wake. Mmoja alikwenda kwa kuwa mfalme, wa pili kwa kuwa mtumishi. Mtu wa kawaida aendaye kwa gharama yake, kutazama tu na kurudi, hadi leo bado anaonekana ni kioja.

Tarehe tumechagua baada ya Septemba 20. Mwezi Juni jua la Antwerp linazama karibu saa 4 usiku na Isha inakaribia usiku wa manane, na sisi tumezoea kulala mapema. Mwishoni mwa Septemba mchana na usiku vinakaribia kulingana kama kwetu. Maombi tumeyapeleka Dar es Salaam, vidole vimechukuliwa, ada imelipwa. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, na linaweza kuchelewa hadi siku 45. Ng'ombe tuliwauza mwezi Juni, wakati wamenona na bei ikiwa nzuri. Tukikataliwa tutanunua wengine kabla ya mvua, na shemeji ameshatuambia kuwa kwa fedha ile ya ng'ombe 6, ukiondoa ada na nauli ya Dar, tutegemee kupata 5.